Mleteni Akiwa Bado Anabweka

Maneno haya niliyasema tarehe 28 Septemba kwenye uwanja wa shule ya msingi ya mtaani kwetu, hapa Arusha, siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Waliokuwa shambani na waliokuwa kazini wameomba wayapate. Nayaweka yote, pamoja na pale nilipokatizwa.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa, wazee wangu, shikamooni. Akina mama, vijana, nanyi watoto mlioshika kamba za mbwa wakubwa kuliko ninyi, hamjambo? Asalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe. Na yule wa kahawia pale chini ya mti, anayetaka kuhutubia kabla yangu, naye namsalimu.

Wengi wenu mnaniita bwana mifugo, ingawa mnaona kabisa kwamba mimi ni mama wa watoto watatu. Sikasiriki. Cheo kilitangulia, wanawake tukakikuta kimeshavaa suruali.

Leo nimekuja na swali moja. Mara ya mwisho ulipompeleka mbwa wako kwa daktari, alifikaje? Alikuja kwa miguu yake, akivuta kamba na kukojolea kila nguzo ya umeme njiani? Au alibebwa kwenye toroli, amefunikwa gunia, nzi wanamzunguka? Na paka wako je? Ni nani hapa amewahi kumpeleka paka kwa daktari, paka mzima, anayeruka ukuta, ili apimwe tu? Nyoosheni mikono niione.

Naona mikono minne. Na mmoja kati ya hiyo ni wa mwanangu.

(Hapo baba mmoja wa nyuma akapaza sauti: "Daktari, mbwa wangu mzima, anakula, anabweka, nimlete kufanya nini?" Watu wakacheka.)

Asante baba. Msimcheke, ameuliza kile ambacho nyote mmekificha tumboni. Mbwa mzima nimlete kufanya nini? Mkiondoka hapa na jibu la swali hilo, mimi nimemaliza kazi.

Jibu langu la kwanza ni kwamba, baba yangu, hujui kama ni mzima. Unajua kwamba anakula na anabweka. Mnyama huficha ugonjwa, na hafanyi hivyo kwa ujanja wala kwa kiburi, ndivyo alivyoumbwa. Porini, anayechechemea ndiye anayechaguliwa na chui. Anayelialia hunyang'anywa mfupa na wenzake. Basi mbwa atakula akiwa na homa, atabweka akiwa na jino lililooza mpaka mfupani. Na paka ndiye bingwa wao wote, kwa sababu paka ni mwindaji, na papo hapo ni mdogo wa kutosha kuwindwa yeye.

Kuna bibi mmoja alikuwa na paka wa rangi ya majivu, miaka kumi na moja. Bibi huyu alinipitia kwa jambo la kuku, hakuja kwa ajili ya paka. Kuku walikuwa na mafua, nikaandika dawa. Anapoondoka akasema kwa kucheka, "Na huyu paka wangu siku hizi amekuwa kuku, anashindana nao kwenye chombo chao cha maji." Nikamwita arudi, akae. Bibi, tangu lini? "Aah, toka kabla ya mfungo." Anakula? "Anakula vizuri tu." Amekonda? "Kidogo, lakini si uzee, mwanangu?"

Ndugu zangu, mnajua paka alikotoka? Babu yake ni paka mwitu wa nchi kavu, mnyama wa jangwani. Figo zake zimeumbwa kubana maji mpaka tone la mwisho. Ndiyo maana mkojo wa paka mzima ni mzito, na ndiyo maana unanuka vile mnavyoujua mlioachiwa zawadi kwenye pipa la unga. Sasa paka wa jangwani akianza kunywa maji ya kuku, maana yake figo zimeacha kubana. Na hapo ndipo penye uchungu: figo hazilalamiki mapema. Karibu theluthi mbili ya kazi yake inaweza kupotea kabla mkojo haujawa mwepesi. Ile kemikali ya kwenye damu tuliyozoea kuipima, kreatinini, hupanda ikiwa robo tatu imekwenda. Wewe unamwona anakula vizuri tu, kumbe anaishi kwa robo figo.

Kipimo chenyewe ni nini? Ni tone la mkojo. Tone moja juu ya kioo cha kifaa kidogo kama tochi, unakiinua kwenye mwanga, unasoma namba. Na mkojo wa paka unapatikanaje? Usimbane tumbo, atakuchana. Chukua beseni analojisaidia, mwaga mchanga, weka kokoto ndogo zilizooshwa zikakauka. Kokoto hazinyonyi. Asubuhi unamimina kwenye kichupa safi, unakuja nacho siku hiyohiyo. Yule paka wa bibi tulimbadilishia chakula, na akafuatwa kwa vipimo. Aliishi mwaka mmoja na miezi. Angeletwa mwaka mmoja kabla ya kuanza kugombania maji na kuku, nadhani tungezungumza hesabu nyingine.

Nataka niseme jambo la nyumbani kwangu sasa, maana ni rahisi kusimama hapa na kunyooshea wengine kidole. Wahenga walisema mganga hajigangi. Na mbwa wa mganga, je?

Nilikuwa na mbwa aitwaye Popi, mweusi, wa kienyeji aliyechanganyika na wale wa polisi. Kila siku nilikuwa natoka asubuhi kwenda kuchoma sindano mbwa wa watu, narudi usiku, Popi ananirukia, nampapasa kichwa, naingia kulala. Alikuwa mzima. Anakula, anabweka. Asubuhi moja nikakuta sakafu ya baraza ina matone ya damu. Pua. Damu inatoka pua moja, nyekundu, haikomi. Nikamfunua mdomo, ufizi mweupe kama karatasi. Nikachukua damu nikaiweka kwenye mrija mwembamba, nikauzungusha kwenye mashine. Mbwa mzima, chembe nyekundu hujaza asilimia 37 na kuendelea ya ule mrija. Popi alikuwa na 14.

Homa ya kupe. Ile ya yule kupe wa kahawia, mdogo, ambaye mnamwona sikioni na kati ya vidole. Kidudu anachokipandikiza kinaingia kwenye chembe nyeupe za damu, mbwa anapata homa siku chache, inapita, unasema amepona. Hajapona. Kidudu kinatulia ndani yake miezi, pengine miaka, mbwa anakula na kubweka, mpaka siku kinapofika kwenye uboho wa mifupa, kiwanda chenyewe cha damu. Hapo kiwanda kinafungwa. Na mwenye mbwa alikuwa daktari! Darubini ilikuwa nyumbani! Tone moja la damu kutoka ncha ya sikio, mwaka mmoja nyuma, na dawa ya vidonge ya wiki nne ingetosha. Popi nilimzika nyuma ya banda la kuku, na mume wangu ndiye aliyechimba kwa sababu mimi nilikataa.

Si mimi peke yangu niliyeumizwa na kupe huyu. Jeshi la Marekani lilipeleka mbwa wengi Vietnam, wengi wao wale wa polisi, wenye mafunzo na vyakula vya makopo na madaktari wao. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wakaanza kutoka damu puani na kufa, na ikachukua muda kujua kwamba ni kupe. Mbwa wa aina ile huugua vibaya kuliko wa kwetu. Kwa hiyo wewe uliyenunua wa polisi kwa bei ya ndama ukamfunga getini, usidhani bei yake ni kinga.

Sasa sikilizeni kuhusu kupe huyu, maana wengi mnapigana naye upande usio wake. Unamtoa kupe kwenye mbwa, unamponda kwa jiwe, unafurahi. Lakini huyu wa kahawia hunywa damu kisha hudondoka, akapanda ukutani, akaingia kwenye ufa wa banda, akajibadili au akataga mayai. Kwa hiyo jeshi kubwa liko bandani, kwenye nyufa, chini ya gunia analolalia. Ukimtibu mbwa ukaliacha banda, umeteka maji kwa pakacha. Ziba nyufa, choma magunia, nyunyiza dawa kwenye kuta.

Na dawa ya josho la ng'ombe, jamani! Naijua ile chupa inayozunguka mtaa mzima, kila mmoja anapima kwa kizibo. Daktari aliyeiandikia alikuwa anawaza ng'ombe wa kilo mia tatu. Na paka hiyo dawa usimguse nayo kabisa. Wala ile ya viroboto iliyoandikwa ya mbwa, nyingi zina kitu ambacho ini la paka haliwezi kukivunja. Atatetemeka mpaka afe mikononi mwako. Wala panadoli, tafadhali. Nusu kidonge cha panadoli kinaweza kumuua paka. Nimeona mama akilia kliniki kwa sababu alimhurumia paka wake mwenye homa akampa kile anachowapa watoto. Huruma ilikuwepo, aliyekosekana ni wa kumwambia. Basi leo nawaambieni.

Nakwenda kwa jambo ambalo baba pale nyuma atalipenda, kwa sababu linawahusu hata wasiofuga. Mwaka 1994, Serengeti. Siyo mbali, wengine wenu mna ndugu kule. Simba walianza kuonekana wakitetemeka kwa degedege, wanapepesuka, wanaanguka. Simba! Katika mwaka ule takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti walikufa, ugonjwa ukavuka mpaka kwa wenzao wa Masai Mara. Watafiti walipochunguza wakakuta nini? Ugonjwa wa mbwa. Ule tunaouita distempa, unaoanza kwa tongo na kamasi, ukaishia kichwani. Na vijiji vinavyoizunguka hifadhi vilikuwa na maelfu ya mbwa wasiochanjwa.

Hadithi haikuishia hapo. Miaka kadhaa baadaye, mwaka 2008, watafiti wakaeleza kwa nini ugonjwa ule uliwaua simba wengi namna ile, wakati miaka mingine virusi hivyohivyo vilipita bila vifo vya kutisha. Mwaka 1993 kulikuwa na ukame. Nyati walidhoofika, wakajaa kupe. Simba wakawala wale nyati, wakapata na vijidudu vya kupe kwenye damu kwa wingi, na distempa ilipowakuta na mzigo huo, ikawamaliza. Mnaona? Kupe yuleyule tuliyekuwa tunamdharau, ukoo wake ndio uliosaidia kumwangusha mfalme wa nyika. Mnyama mwenye ugonjwa mmoja uliojificha, wa pili ukija, haanzi sifuri.

Na binadamu je? Turkana, kaskazini mwa Kenya, ni moja ya sehemu zilizojulikana duniani kwa uvimbe wa maji unaotokana na mnyoo wa mbwa. Mnyoo wenyewe haufiki urefu wa punje ya mchele. Mbwa anaupata kwa kula mapafu na maini ya mbuzi au kondoo yenye vifuko vya maji. Unaishi tumboni mwake kwa maelfu, na mbwa haoni taabu yoyote. Anacheza na watoto, anawaramba. Mayai yanaingia kwa mtoto, na miaka kumi baadaye mtu mzima anapelekwa hospitali na tumbo kama mjamzito, akapasuliwe ini. Mbwa alikuwa mzima, baba! Alikuwa anakula na kubweka!

Basi sikukuu ikifika, Idi au Krismasi, ukichinja ukaona ini lina vifuko vya maji, usimrushie mbwa. Fukia chini sana au choma moto. Na dawa ya minyoo muulize daktari ni ipi, kwa sababu nyingi za bei rahisi zinaua minyoo ya mviringo, hii ya tegu haziigusi. Watoto wa mbwa waanzishwe dawa wakiwa na wiki mbili tu, kwa kuwa hurithi minyoo tumboni mwa mama yao, kabla hata hawajaona jua. Nikisema wiki mbili huwa naulizwa kama nimekosea. Sijakosea.

Kichaa cha mbwa sitakisemea sana, kwa sababu ndicho kilichowaleta na mabomba ya sindano yako pale mezani. Tarehe ya leo ni siku aliyofariki Louis Pasteur, mwanasayansi Mfaransa aliyetengeneza chanjo ya kwanza ya ugonjwa huu, mwaka 1895. Miaka kumi kabla ya hapo ndiye aliyemchanja mtoto wa miaka tisa aliyeng'atwa, na mtoto akaishi. Kumbukeni tu mambo mawili. Ukiumwa na mbwa au paka, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kamili ukitazama saa, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo, usisubiri kuona kama mbwa atakufa. Na watoto wa mbwa msiwaache nyumbani mkisema bado wadogo. Chanjo hii inawafaa, na wao ndio watoto wenu wanalala nao.

Mama mmoja hapa mbele ananiuliza, basi nyumbani nifanye nini kabla ya kuja kwako? Swali zuri. Chagua siku, mimi nimechagua Jumamosi jioni. Mnyanyue mbwa mdomo: ufizi uwe wa waridi; bonyeza kwa kidole, pawe peupe, parudi rangi kabla hujamaliza kusema "moja, mbili". Mbwa mwenye ufizi mweusi, vuta kope la chini uangalie ndani. Nusa mdomo. Harufu ya kuoza si harufu ya mbwa, ni meno, na wengi wakifika miaka mitatu tayari ufizi una tatizo. Pitisha mikono mbavuni: uzihisi mbavu bila kubonyeza, lakini usizihesabu kwa macho ukiwa mbali. Ingiza vidole kati ya vidole vyake, masikioni, chini ya mkia. Ukikuta uvimbe mwekundu kama koliflawa sehemu za siri, au matone ya damu yasiyoisha, usione aibu kuja. Ile ni saratani inayoambukizwa kwa kupandana, na ni kitu cha ajabu: chembe zake zilitoka kwa mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita, naye angali anaishi ndani ya mbwa wetu wa leo. Inatibika kwa sindano za kila wiki, na wengi hupona kabisa. Nimeshaona wakiuawa kwa rungu kwa sababu yake.

Halafu mpimeni uzito. Mizani ya mahindi ya hapa sokoni inatosha, simama naye, kisha simama peke yako, toa. Andika kwenye daftari. Kilo moja iliyopotea kwa mbwa wa kilo kumi ni sawa na wewe mama wa kilo sabini kupungua saba; majirani wangekuwa wameshasema.

Kwa daktari ni mara moja kwa mwaka. Akifika miaka saba, kila miezi sita, kwa maana mwaka wa mbwa si mwaka wako. Tutapima joto, moyo, meno, macho, tutatazama kinyesi kwenye darubini, tutachukua tone la damu. Mambo ya nusu saa. Najua mtasema gharama. Kweli, si bure kama leo. Lakini nimeona mtu analipa gari la kukodi usiku, dripu, na siku tano za kulazwa, kwa ugonjwa ambao ungeonekana kwenye tone la damu, na bado akarudi nyumbani na kamba tupu.

Baba wa nyuma, nimekujibu? Ananionyesha dole gumba. Haya, tutaona kama atapanga foleni.

Sasa utaratibu. Mbwa wapange upande wa darasa la nne, paka upande wa jiko. Mbwa mkali aletwe na mtu mzima, siyo mtoto. Kila mmoja akichanjwa, apite kwa kijana wangu pale kwenye dawati amwangalie ufizi na masikio. Nimekuja na vioo hamsini vya damu, watakaowahi ndio watakaopimwa. Wenye paka kwenye magunia, tafadhali legezeni mdomo wa gunia wapate hewa, lakini msifungue mpaka mfike mezani. Mwaka jana mmoja alitoroka, tukamkuta juu ya paa la ofisi ya mwalimu mkuu saa kumi na mbili jioni.

Mwenyekiti, naomba tuanze na yule wa kahawia. Amesubiri tangu mwanzo.